Ubao wa Mplamu

Harufu ya dunja iliingia chumbani siku ileile kitanda kilipoingizwa, na mwezi ulikuwa Aprili. Kila mtu pale mjini Tešanj anajua kwamba dunja huiva Oktoba: yale matunda makubwa ya manjano, yenye vinyweleo, magumu kama jiwe, ambayo wanawake huyapanga juu ya kabati la nguo ili chumba kinukie mpaka mwaka mpya. Aprili hupati dunja hata ukitoa dhahabu. Mersiha alisimama katikati ya chumba kipya, akanusa, akapanda juu ya kiti na kupapasa juu ya kabati. Palikuwa na vumbi la mbao tu.

"Rasim," aliita. "Umeweka nini humu?"

"Mgongo wangu," mumewe alijibu kutoka sakafuni, alikokuwa akikaza skrubu ya mwisho. "Nimeulaza hapa na haunyanyuki tena."

Mersiha hakucheka. Katika nyumba ile, aliyekuwa akipanga dunja juu ya kabati alikuwa mtu mmoja tu, naye alikuwa na miaka mitatu kaburini.

Aliitwa Devleta, mke wa kwanza wa Rasim. Watu husema hakuna adui kama mke mwenza. Wasemao hivyo hawajaolewa na mgane. Mke mwenza aliye hai utamwona akinenepa, akiunguza pai ya pita, akigombana na majirani, nawe utapata pa kumshika. Marehemu haunguzi kitu. Tangu Mersiha aolewe pale mtaa wa juu, majirani walikuwa hawajampa hata wiki moja ya kupumua. Devleta alikuwa akitandaza unga wa pita mwembamba mpaka unasoma gazeti upande wa pili. Devleta alikuwa na sauti ya kuimba. Chumba cha Devleta kilikuwa kikinukia dunja mpaka barabarani.

Mersiha alikuwa na miaka thelathini na sita, mshona viatu wa kiwandani, mzaliwa wa mji wa Maglaj, mikono imara na ulimi usiochelewa. Hakuwa ameolewa kabla. Alipokubali posa ya Rasim alitoa sharti moja: chumbani asikute kitu chochote ambacho yule mwanamke aliwahi kukilalia, kukifungua au kujitazama ndani yake. Rasim alikubali. Vitu vikaondolewa vyote, wakaenda kununua vipya.

Muuza samani wa mjini aliwapokea kwa kahawa na hekima. "Bibie, chumba cha kulala kikitaka raha kinataka vitu vitano tu. Kitanda kinachowatosha, godoro lisilouonea mgongo, kabati linalofunga, kimeza kila upande, na taa isiyoumiza macho. Vingine vyote ni kuwakomoa majirani."

"Mimi sitaki kumkomoa jirani yeyote," alisema Mersiha.

"Ni kweli," Rasim akanong'ona kwenye kikombe chake. "Anataka kumkomoa marehemu."

Kabati walichukua jeupe, kwa kuwa la Devleta lilikuwa la kahawia. Vimeza walichukua viwili, kwa kuwa Devleta alikuwa na kimoja. Godoro na taa havikuleta ugomvi. Lakini mbele ya kila kitanda Mersiha aliuliza kama Devleta alikuwa na cha aina ile, na mume mwenye akili angedanganya. Rasim alikuwa mwoka mikate, ametoka kwenye tanuri alfajiri, na usingizi ulimfanya aseme kweli.

"Kilifanana na hiki, ila kichwani kilichongwa maua."

"Sikukuuliza maua."

"Na kilikuwa cha mjozi."

Basi Mersiha akataka cha mjozi, kipana kuliko kile. Walimkuta fundi Ševal kwenye karakana yake kando ya mto, na kweli alikuwa na mbao za mjozi, nyeusi, zenye mishipa mizuri, zimeegemezwa peke yazo ukutani mbali na mbao nyingine. Bei aliyotaja ilikuwa ndogo mpaka ikatia shaka.

"Nawaambia mapema msije mkanilaumu," alisema Ševal. "Mti huu ulikuwa kwenye uwanja wa kinu cha nafaka kilichohamwa. Uliota wenyewe, hakuna aliyeupanda. Hata mchungaji wa kondoo hakai kwenye kivuli chake."

"Kuna mtu amewahi kulalia mbao za mti huu?" Mersiha aliuliza.

"Hakuna, mama. Hata mmoja."

"Hata marehemu Devleta?"

Fundi alimtazama Rasim, Rasim akatazama viatu vyake. "Hata yeye," Ševal alisema.

"Nazitaka."

Jioni ile alikuja shangazi Hajrija, aliyemlea Rasim tangu utotoni, mwanamke mfupi mwenye kitambaa cha kichwa cheupe. Mtaa mzima ulimjua kwa kazi ya kumwaga risasi: anaiyeyusha kwenye upawa, anaimwaga kwenye maji juu ya kichwa cha mtu aliyeingiwa na hofu, kisha anasoma umbo lililoganda. Aliposikia habari za kitanda aliweka kikombe chini.

"Mwanangu, chini ya mjozi hakulaliwi. Unalijua hilo, hata Maglaj wanalijua. Wenyewe ndipo wanapokaa." Hakuwataja majini kwa jina, wakubwa hawataji. "Ukitaka kulala juu ya mjozi, mwambie fundi atie ubao mmoja wa mplamu chini ya godoro. Mplamu ni mti wa nyumbani, mtu huupanda kwa mkono wake. Ukitiwa ule mmoja, kile hakiwi mti tena, kinakuwa kitanda."

"Ni desturi tu, shangazi?"

"Ni desturi, na desturi haili pesa nyingi. Hata kitanda cha Devleta tuliutia, nilisimamia mwenyewe."

Laiti angeimeza ile sentensi ya mwisho. Mersiha alitabasamu kwa adabu, akamwongezea kahawa, na kesho yake akaenda kwa Ševal kumwambia kitanda kiwe cha mjozi mtupu, tangu kichwani mpaka miguuni. Aliona amemshinda mtu.

Baada ya siku ile ya kwanza harufu haikuondoka. Mersiha alifua mashuka kwa siki, akafungua madirisha, akahamisha kabati. Ilipungua asubuhi na kurudi alasiri. Kisha akaanza kuona mambo mengine. Akitandika kitanda vizuri na kwenda kazini, akirudi hukuta mto wa upande wake umebonyea, na ukiweka kiganja pale palikuwa na joto. Rasim, aliyelala mchana kwa ajili ya kazi yake ya usiku, alianza kuamka sakafuni.

"Nasukumwa," alilalamika. "Wallahi, Mersiha, nasukumwa kama mtu aliyekalia kiti chenye mwenyewe."

"Nani anakusukuma?"

"Nitajuaje? Nimelala."

Lakini Mersiha alishajua. Yule mwanamke amerudi kudai upande wake. Na lililomkata zaidi, alihisi Rasim anajua na anaficha. Alimnusa mashati. Alimvizia usingizini asikie atataja jina gani. Wivu ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki, haushuki wala hautoki, na kila jioni waligombana kwa kitu kipya.

"Humu ndani mnanukia dunja! Unamnusa nani ukilala?"

"Mke wangu, mimi nanusa unga na hamira. Miaka ishirini sijanusa kitu kingine."

"Ulimpenda."

"Alikuwa mke wangu. Ulitaka nimchukie?"

Mwishowe Rasim alichukua mto wake na kwenda kulala kwenye kochi la jikoni. Alikuwa amekonda, na mbavuni alikuwa na alama za buluu asizojua zilikotoka. Mersiha alitazama mlango ukifungwa nyuma yake na moyo wake ukaogopa kweli kwa mara ya kwanza. Alikuwa amesubiri miaka kumi na minane kupata mtu wa kulala naye chumba kimoja, na sasa mtu huyo alikuwa jikoni.

Kesho yake adhuhuri alipanda makaburini, mlimani juu ya mji. Hakwenda kuomba dua. Alisimama mbele ya jiwe jeupe la Devleta, mikono kiunoni.

"Sikiliza, wewe," alisema. "Umemla miaka kumi na mmoja. Umekula ujana wake, umekula nywele zake zote, umeniachia kipara na maumivu ya mgongo. Hicho kidogo kilichobaki niachie! Huna haya?"

Konokono mmoja alikuwa akipanda kwenye jiwe, polepole. Nyasi zilinukia mvua. Hapakuwa na kingine, na Mersiha, ambaye alitarajia angalau upepo, aliona aibu kama mtu aliyegombana na mlango wa nyumba isiyo na watu. Alimsomea nusu ya Fatiha, akageuka aende zake. Hapo ndipo alipoisikia ile harufu, ikimfuata hatua kwa hatua kutoka kaburini kuteremka mtaani. Alisimama. Aliinua mkono wa sweta lake akaunusa, kisha akanusa ncha ya kitambaa chake cha kichwa. Dunja ilikuwa ikinukia mwilini mwake mwenyewe.

Jumapili ile alijilaza alasiri, jua lingali nje, watoto wa jirani wakipiga mpira ukutani, Rasim akikoroma jikoni. Alilala kwa ubavu, uso ukutani. Godoro nyuma yake likaanza kuzama, si kwa ghafla bali kidogo kidogo, kama mtu mzito anayejilaza kwa uangalifu asimwamshe mwenzake, kwanza upande wa miguu, kisha nyonga, kisha bega, mpaka blanketi likavutika mgongoni mwake, na mpira nje ukanyamaza, na mkoromo wa jikoni ukawa mbali kama unatoka nyumba ya tatu, na ile harufu ikajaa puani na kinywani mpaka akaionja, chungu na tamu, na nywele za shingoni zikatikiswa na pumzi iliyokuwa baridi kama hewa ya kisimani. Kisha sauti ikasema, kwa lafudhi ya Maglaj, ya kwao, ambayo hapakuwa na mtu Tešanj wa kuizungumza naye:

"Kabla yako hapakuwa na mtu."

Angesema bismillahi, mambo yangeishia pale. Neno lilikuwa mdomoni. Badala yake Mersiha, ambaye maisha yake yote alikuwa mtu wa kuja baada ya wengine, aliuliza kwa kunong'ona:

"Kweli?"

Siku tisa hakumwambia mtu. Alitandika mashuka yake mapya, yaliyotariziwa na mama yake. Rasim alipouliza kama arudi chumbani alimwambia jikoni kuna joto zaidi. Aliogopa, ndiyo, kila alipojilaza pale. Lakini chini ya hofu alikuwa na furaha, na furaha hiyo ilimtia aibu kuliko hofu.

Siku ya kumi, mchana, Rasim alisimama mlangoni na mto wake kwapani.

"Nimechoka kulala jikoni kama paka," alisema. "Mimi ni mume humu au mpangaji?"

Mersiha alitaka kumzuia akakosa sababu ya kusema. Alikwenda jikoni kupiga pasi. Alipiga shati moja, la pili, na lile lililomshtua halikuwa kelele, ila kutokuwapo kwa kelele: Rasim hukoroma kabla kichwa hakijagusa mto, na chumbani palikuwa kimya.

Alimkuta amelala chali, macho wazi, blanketi limekazwa juu ya pua na kinywa chake na kuchomekwa chini ya godoro pande zote mbili, kwa ustadi, kama mama anavyomfunga mtoto mchanga, uso wake ukigeuka rangi ya plamu, vidole vikikwangua shuka, na upande wa pili wa kitanda, upande wa Mersiha, godoro lilikuwa limebonyea umbo refu la mtu aliyelala kwa ubavu, ametuliza kiwiko juu ya mto na kichwa juu ya kiganja, akitazama. Mersiha alivuta blanketi, halikuja. Alivuta kwa meno. "Bismillahi!" alipiga kelele, "Bismillahi, mwache, ni mume wangu!" na blanketi likaachia ghafla mpaka akaanguka nalo ukutani.

Rasim alivuta pumzi kwa sauti ya mlango mkuukuu.

"Mersiha," alinong'ona. "Kuna mwanamume kitandani kwetu."

Shangazi Hajrija alifika na upawa wake, kitambaa chekundu na vipande vya risasi. Alimkalisha Rasim kwenye kigoda, akamfunika, akashika bakuli la maji juu ya kichwa chake na kumwaga. Risasi ilitulia majini, laini kama kijiko.

"Huyu hana kitu," alisema. "Kapigwa tu. Njoo wewe."

Juu ya kichwa cha Mersiha risasi ililipuka mpaka maji yakaruka ukutani. Shangazi aliitoa kwa vidole, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha kwa muda mrefu. Ilikuwa na umbo la mtu aliyelala kwa ubavu, na mbele ya kifua chake nafasi ya mtu mwingine.

"Nani alikuambia ni Devleta?"

"Harufu, shangazi."

"Harufu! Wao huja na harufu ya kile kinachokuuma. Ungekuwa na njaa angekunukia nyama choma. Devleta wa watu amelala zake, hana habari na nyinyi. Huyu ni wa mti, na mwenye wivu ni yeye, anamwonea Rasim wivu." Alipunguza sauti. "Amekuambia nini?"

Mersiha alimtazama mumewe aliyekuwa amejifunga shuka kando ya jiko, kisha sakafu. "Amesema kabla yangu hapakuwa na mtu."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamuuliza kama ni kweli."

Shangazi Hajrija aliifunga ile risasi kwenye kitambaa chekundu. Rasim alipotaka kwenda kuchukua shoka, alimzuia. "Ukikichoma atakosa pa kulala, atakuja kulala ndani ya mkeo. Kitanda cha Devleta kiko darini kwangu. Kina ubao wa mplamu uliobeba ndoa ya halali miaka kumi na mmoja. Mpya hautoshi tena, utatiwa ule. Na atakayeutia ni wewe, Mersiha, kwa mkono wako, na utamsomea marehemu Fatiha nzima, si nusu."

Mersiha alishtuka. Kuhusu ile nusu hakuwa amemwambia mtu.

Ubao ulikuwa mwekundu, umelainika katikati. Mersiha aliingia chini ya kitanda nao kifuani, akaisoma Fatiha mpaka mwisho huku machozi yakimwingia masikioni, akazikaza skrubu nne. Kwenye ya kwanza kitanda kilitoa mlio wa mti mkubwa unaoyumba kwenye upepo. Kwenye ya tatu harufu ikawa nzito mpaka akatapika. Kwenye ya nne ikakatika, na chumba kikanukia sufi na rangi, kama chumba chochote cha watu.

"Usije ukautoa," shangazi alimwambia mlangoni. "Huyu hajatoka duniani, ametoka kitandani tu. Yuko nje anangoja. Akifunguliwa tena hataanza na blanketi."

Rasim alirudi chumbani. Alinenepa, akakoroma, akasimulia vichekesho vya tanuri. Oktoba Mersiha mwenyewe alinunua dunja saba sokoni, akazipanga juu ya kabati jeupe, na Rasim aliposimama akizitazama bila kujua kama anaruhusiwa kufurahi, wote wawili walicheka. Ilikuwa miezi mizuri. Dunja za mwisho alizipika jamu kabla ya mwaka mpya.

Februari, Jumamosi moja mchana, alikuwa amelala kando ya mumewe. Theluji nje ilirudisha mwanga mkali dirishani. Rasim alikunja uso usingizini.

"Devleta," alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mtu aliyezoea. "Shusha pazia, jua linaniumiza."

Mersiha aliinuka akashusha pazia. Alirudi, akalala, akatazama dari. Alijiambia ni mazoea ya ulimi. Alijiambia miaka kumi na mmoja si siku moja. Alijiambia mengi ya busara, na yote yalikuwa kweli, na ule mwiba ulikuwa umesharudi kooni pake. Chini ya mgongo wake alihisi ubao wa Devleta, mmoja tu, umelainika kwa uzito wa mwili mwingine.

Alikwenda jikoni akachukua bisibisi. Alijiambia anataka kuuangalia tu. Aliingia chini ya kitanda kwa mgongo, akaweka bisibisi kwenye skrubu ya kwanza, na skrubu ikazunguka kirahisi, kana kwamba kuna mkono unaisaidia kwa ndani. Ikadondoka kifuani pake. Dunja ikanukia, kidogo, kwa mbali, kama mgeni anayebisha hodi kwa adabu.

Juu yake mkoromo wa Rasim ulikatika.

Mersiha alisubiri. Skrubu ilikuwa mkononi mwake na tundu lilikuwa pale pale, angeweza kuirudisha. Alijua atakayelipa ni nani. Kisha karibu na sikio lake, kwenye giza lile jembamba, ile lafudhi ya kwao ikaanza taratibu: "Kabla yako..."

Aliitia skrubu kwenye mfuko wa aproni, akaweka bisibisi kwenye ya pili.